Saa Kumi Jioni ni ya Nani?

Julai 11, 2025, mjini Oujda nchini Morocco, Opa Clement aliipatia Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, bao la kuongoza dhidi ya Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Wapinzani walisawazisha kipindi cha pili, mechi ikaisha 1-1. Kwa Tanzania hiyo ilikuwa pointi ya kwanza kuwahi kupatikana katika fainali za Afrika za wanawake, miaka 15 tangu Twiga Stars waende Afrika Kusini mwaka 2010 na kupoteza mechi zote 3 za kundi lao.

Kikosi kile cha 2010, kilichofundishwa na Charles Boniface Mkwasa, kilirudi katika nchi isiyo na Ligi Kuu ya Wanawake. Mchezaji aliyetoka kukabana na Wanigeria alirudi mtaani kusubiri aitwe tena kambini. Ligi ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wa kwanza akawa Mlandizi Queens wa mkoa wa Pwani, timu isiyokuwa na kaka mkubwa wa kiume wa kuitambulisha. Tangu hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo wengi wetu hatukuitarajia. Kilimanjaro Queens, timu ya Tanzania Bara, walitwaa kombe la CECAFA mwaka 2016 na kulirudia 2018. Mwaka 2021 Twiga Stars walialikwa kwenye mashindano ya COSAFA ya kusini mwa Afrika, ukanda usio wao, wakaondoka na kombe kwa kuifunga Malawi 1-0 katika fainali. Mwaka 2022 Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na kumaliza wa 4. Oktoba mwaka huohuo Serengeti Girls, wasichana wa chini ya miaka 17, wakawa timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA, kule India. Waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali.

Nayaorodhesha haya kwa sababu kuna watu bado wanasema timu za wanawake zinaheshimiwa kwa huruma. Rekodi inakataa. Heshima hii imelipiwa kwa matokeo, na mara kadhaa matokeo hayo yamekuja pale timu za wanaume zilipokwama. Kijana wa kijiweni pale Sanawari au Kijenge, hapa Arusha, ambaye zamani asingeweza kutaja mchezaji mmoja wa kike, leo anajua kwamba Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden na baadaye Brighton ya Uingereza, na kwamba Clara Luvanga anafunga mabao Al Nassr. Majina yanajulikana, na mchezaji akishajulikana kwa jina, watu humbishania, humlaumu na humsubiri.

Lakini ukitaka kujua heshima hiyo imefika wapi hasa, Arusha ni mahali pazuri pa kuipimia. Machi 2025 mji huu ulipokea sherehe za kitaifa za Siku ya Wanawake Duniani, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mgeni rasmi, na katika wiki hiyo Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulichezewa Samia Women's Super Cup. Timu 4 zilialikwa: JKT Queens, Simba Queens, Yanga Princess na Fountain Gate Princess. Hakuna hata moja iliyotoka Arusha. Mkoa huu uliwahi kuwa na The Tigers Queens katika Ligi Kuu mwanzoni mwa muongo huu. Lakini siku taifa lilipokuja kuwaenzi wanawake chini ya Mlima Meru, wasichana wa hapa walikaa jukwaani.

Naona heshima imeshuka kutoka juu na haijafika chini. Imejaa kwenye siku za sherehe, na imepungua kwenye Jumamosi za kawaida. Wala si kwamba Arusha inawaonea wanawake peke yao: tangu JKT Oljoro ishuke daraja mwaka 2014, hata wanaume wa mkoa huu hawajawa na timu yao Ligi Kuu. Tofauti ni kwamba mvulana wa Ngarenaro asiye na timu ya Ligi Kuu bado ana ligi ya mkoa, ana ndondo, ana bonanza, ana watu wazima wanaokuja kumtazama akicheza na kumwambia amekosea wapi. Mlango mmoja ukifungwa, anayo mingine. Dada yake akikosa timu kubwa, mara nyingi amekosa vyote.

Tuanze na heshima ya juu, kwa sababu ina mambo mawili ndani yake. Agosti 2021, katika hafla ya kuipongeza timu ya vijana ya wanaume iliyotwaa kombe la CECAFA, Rais Samia aliwazungumzia wanasoka wa kike, akagusia vifua vyao na nafasi yao ya kuolewa. Maneno yale yalizua mjadala mkubwa ndani na nje ya nchi, na yaliwaumiza wachezaji. Kilichosahaulika katika kelele zile ni kwamba hoja yake iliendelea: aliuliza maisha ya wachezaji hawa yatakuwaje miguu ikichoka, na akawataka wanaosimamia michezo wawaangalie. Ni Rais huyohuyo ambaye baadaye jina lake liliwekwa kwenye kombe la wanawake. Nadhani sehemu zote mbili za hotuba ile zilikuwa za kweli kwa maana moja: zilieleza namna jamii yetu inavyowatazama. Tunaweza kumshangilia binti kwa dakika 90, halafu dakika ya 91 tukaanza kuujadili mwili wake. Mwanamume akistaafu soka tunauliza ameweka akiba kiasi gani. Mwanamke tunauliza ataolewa na nani. Na swali la akiba, ambalo ndilo lenye manufaa, linabaki bila jibu kwa wote wawili.

Heshima ya juu ina tatizo jingine: inafuata ushindi. Timu ikirudi na kombe, kuna basi la wazi, kuna chakula cha usiku, kuna bahasha. Ikirudi mikono mitupu, wachezaji wanachukua mabegi yao na kutafuta daladala. Timu ya wanaume inaruhusiwa kufungwa miaka nenda rudi na bado watu wakajaza uwanja Jumamosi inayofuata. Nitaamini kwamba timu za wanawake zimeheshimiwa kwelikweli siku nitakapoona zimefungwa, zimezomewa kama wanavyozomewa Simba na Yanga, na watu wakarudi tena wiki iliyofuata.

Simba na Yanga zenyewe zina sehemu kubwa katika habari hii. Mashabiki wengi waliingia kwenye soka la wanawake kwa kufuata jezi. Mtu anaipenda Simba, basi anampenda yeyote aliyevaa nyekundu. Shirikisho la soka la Afrika (CAF) nalo linazitaka klabu zinazoshiriki mashindano yake ziwe na timu ya wanawake, hivyo klabu kubwa hazina budi. Wapo wanaoidharau heshima ya namna hii kwa kuwa ni ya kuazima. Mimi siidharau. Mtoto wa kike wa Unga Limited aliyemwona mchezaji wa Simba Queens kwenye televisheni haulizi klabu ilimsajili kwa nia gani. Hasara ipo kwingine: mchezo mzima umeegemea majina machache, na ubingwa tangu ule wa Mlandizi wamekuwa wakipokezana JKT Queens na Simba Queens. Timu za mikoani kama Alliance Girls ya Mwanza au Ceasiaa Queens ya Iringa hulea, na wenye fedha huvuna. Mlandizi Queens waliofungua ukurasa wa kwanza wa ligi hii leo hawatajwi kwenye mbio za kombe.

Arusha ina heshima yake nyingine, ya zamani na ya kina zaidi, na ni kosa kuzungumzia michezo ya wanawake hapa bila kuanza na riadha. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kidogo kuelekea Ngaramtoni au Ilboru unapata hewa nyembamba ambayo wakimbiaji huifuata kutoka Karatu, Mbulu, Hanang na Singida. Filbert Bayi, mwana wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, na tangu hapo barabara za vumbi za huku hazijakosa watu wanaokimbia alfajiri. Wanawake walikuwamo tangu mwanzo, ingawa historia huwataja mwishoni. Theresia Dismas alishinda medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965. Nzaeli Kyomo na Mwinga Mwanjala walikimbia Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Zakia Mrisho, kutoka Singida, alikuwa wa 6 duniani katika mita 5,000 mwaka 2005 kule Helsinki. Failuna Abdi Matanga alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Tokyo. Na Septemba 2023 Magdalena Shauri alimaliza wa 3 katika Berlin Marathon kwa saa 2:18:41, rekodi ya taifa, siku ambayo Tigst Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia mbele yake.

Tazama namna heshima ya mkimbiaji inavyojengwa. Anakwenda mbali, anashinda fedha, anarudi na kununua kiwanja. Nyumba inainuka, wadogo zake wanalipiwa ada, ng'ombe wanaongezeka. Mzee aliyekuwa akisema binti hawezi kukimbia barabarani na bukta anaona bati jipya, na maneno yanakwisha. Hiyo ndiyo njia iliyofungua milango mingi katika nyumba za Wairaqw na Wanyaturu, na kwa kiasi fulani katika nyumba za Waarusha na Wameru pia. Ni heshima ya kweli, nami naithamini. Lakini ni ya mtu mmoja mmoja, na inategemea fedha iliyopatikana ugenini. Anayemaliza wa 12 katika mbio za Ulaya baada ya miaka mingi ya mazoezi yaleyale, machozi yaleyale na majeraha yaleyale, anarudi kimya, kwa sababu hakuna alichokuja nacho cha kuonyesha.

Timu haiwezi kuheshimiwa kwa njia hiyo. Mlinda mlango wa timu ya wasichana ya Tengeru hatajenga nyumba kwa kulinda lango. Heshima yake haina budi kutoka kwa watu wanaokuja kumtazama na kwa ratiba inayomhakikishia kwamba wiki ijayo atacheza tena. Hata katika riadha yenyewe upande wa timu tumeusahau. Mbio za nyika huhesabiwa kwa timu: pointi za wakimbiaji bora wa nchi hujumlishwa, na msichana aliyemaliza wa 40 anaweza kuwa ndiye aliyeiokoa nchi yake. Ethiopia na Kenya wamejenga nusu ya fahari yao juu ya hesabu hiyo. Kwetu mkimbiaji hutajwa peke yake, hushinda peke yake, na akishindwa huumia peke yake. Ndiyo maana niliyaona mashindano ya Ladies First, yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2017 kwa ushirikiano wa shirika la maendeleo la Japani, JICA, na Baraza la Michezo la Taifa, mkongwe wa marathoni Juma Ikangaa akiwa mmoja wa waliosimama nyuma yake, kuwa na thamani kubwa kuliko ukubwa wake: yaliwaleta wasichana wa mikoa mbalimbali pamoja, siku ikiwa yao wenyewe, bila kusubiri wanaume wamalize.

Kuhusu mpira wa pete nitasema machache, na machache hayo yananiuma. Huu ndio mchezo ambao wanawake wa Tanzania waliucheza kwa miongo mingi bila kumwomba mtu ruhusa. Shule ziliufundisha, michezo ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA iliuweka kwenye ratiba, na mashirika ya umma yaliajiri wachezaji kwa ajili yake. Mei Mosi ilipoadhimishwa kitaifa Arusha mwaka 2024, mpira wa pete ulikuwa na nafasi yake kwenye michezo ya wafanyakazi kama kawaida. Hakuna anayeupinga. Na kwa kuwa hakuna anayeupinga, hakuna anayeuandika. Msichana anayecheza soka amekuwa habari kwa sababu ameingia mahali palipodhaniwa si pake, ilhali mama yake aliyefunga mabao ya pete kwa miaka 15 chini ya chama cha CHANETA hakuwahi kuulizwa na mwandishi hata mmoja. Tukisema heshima kwa timu za wanawake imeanza juzi, tunawafuta wanawake hawa. Walikuwa na timu, walikuwa na kombe, walikuwa na nahodha. Kilichokosekana ni sisi kutazama.

Sasa twende kwenye uwanja wenyewe, maana hapa ndipo jambo lilipo.

Desemba 26, 1920, timu ya wanawake wa kiwanda iitwayo Dick, Kerr Ladies ilicheza Goodison Park mjini Liverpool mbele ya watu wapatao 53,000. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 5, 1921, chama cha soka cha Uingereza kiliwapiga wanawake marufuku kutumia viwanja vya klabu zake wanachama. Hakikuwazuia kucheza. Kiliwanyima viwanja. Marufuku ile ilidumu karibu miaka 50, na ilipoondolewa watazamaji wale 53,000 walikuwa wamekwisha kufa au kuzeeka, na wajukuu wao waliamini kwa dhati kwamba soka la wanawake halijawahi kuvuta watu. Naikumbuka historia hii kila ninapomsikia mtu akisema wasichana wetu hawapewi nafasi kwa sababu hawana mashabiki. Mashabiki huzaliwa uwanjani. Ukimnyima mtu uwanja kwa miaka ya kutosha, utapata ushahidi unaoutaka.

Arusha haijapiga mtu marufuku. Kinachofanyika ni ratiba. Katika nchi hii saa ya mpira ni saa 10 jioni. Jua limelegea, watu wametoka kazini au sokoni Kilombero, wauza karanga na miwa wamejipanga, na mchezo unaisha kabla ya giza. Mechi ya wasichana, pale inapokuwapo, huwekwa saa 8 mchana kama mechi ya utangulizi. Wanacheza kwenye jua kali, mbele ya watu wachache waliowahi kushika nafasi kwa ajili ya mechi ya pili, mara nyingine bila chaki kwenye mistari kwa kuwa mchora mistari bado hajafika. Mwamuzi anafupisha vipindi ili wakubwa wasichelewe. Msichana aliyecheza hivyo misimu mitatu anajifunza somo bila kuambiwa neno: yeye ni kitu cha kupisha muda.

Jambo hili lina ugumu wake, na sitaki kulirahisisha. Wapo walimu na wazazi wanaoipenda saa 8 kwa sababu ya maana: binti afike nyumbani mapema. Mechi ya saa 10 inaisha karibu saa 12. Msichana wa Nkoaranga au Akheri aliyecheza mjini anahitaji kifodi mpaka Tengeru, kisha atembee kupanda katikati ya migomba na kahawa giza likiingia, na nyumbani anasubiriwa na maji ya kuchota na chakula cha jioni. Kaka yake akichelewa, anakuta amewekewa sahani. Yeye akichelewa, sahani zote zinamsubiri. Saa ya uwanjani imefungwa kwenye saa ya jikoni, na anayetaka kubadili moja bila nyingine atashindwa. Kwa hiyo timu inayotaka kumchezesha msichana saa 10 iwe na gari la kumrudisha, iwe na mtu mzima wa kike anayeaminika ndani ya gari hilo, na iwe imekwisha kuzungumza na mama yake. Bila hivyo tunamwomba mzazi achague kati ya mchezo na usalama, na mzazi mwenye akili timamu atachagua usalama.

Usalama wenyewe si wa barabarani tu. Wazazi wanaogopa makocha, na hofu hiyo isipuuzwe. Katika nchi nyingi duniani wasichana wamedhulumiwa na watu waliopewa dhamana ya kuwafundisha. Mzazi wa Arumeru anayeuliza nani atalala kambini na binti yake anauliza swali sahihi. Jibu lake ni makocha zaidi wa kike, madaktari wa kike, viongozi wa kike, na kanuni ambazo mchezaji anazijua kabla ya kambi kuanza. Mwamuzi Jonesia Rukyaa alipochezesha mechi ya ligi ya Simba na Yanga mwaka 2016, alifanya zaidi ya kupuliza filimbi. Aliwaonyesha maelfu ya wazazi kwamba mwanamke anaweza kuwa mwenye amri uwanjani, na wanaume 22 wakamtii.

Uwanja tambarare ni tatizo jingine la hapa. Miteremko ya Meru ni ya kilimo, kila kipande kina mmea wake, na mara nyingi sehemu pekee iliyo sawa kijijini ni kiwanja cha shule ya msingi. Kiwanja hicho jioni ni cha wavulana kwa mazoea tu, hakuna sheria iliyowapa. Mwalimu mkuu mmoja akiamua kwamba Jumanne na Alhamisi kiwanja ni cha wasichana, amefanya kazi ambayo kombe zima la taifa haliwezi kuifanya. Juni 2017 wanawake kutoka mataifa mbalimbali walipanda Kilimanjaro na kucheza mechi kamili mita 5,714 juu ya usawa wa bahari, wakaweka rekodi ya dunia, ili tu watu waone kwamba wanawake hawapewi nafasi sawa michezoni. Nawapongeza kwa moyo wote. Binti wa Poli anahitaji kitu kilicho karibu zaidi: kiwanja cha shule yake, mara 2 kwa wiki, na mpira ambao haujapasuka.

Tukishapata kiwanja na saa, linabaki la kipato, na hapa majirani wana la kutufundisha. Malkia Strikers wa Kenya wametawala voliboli ya Afrika kwa miongo, na nguvu yao haikutoka hewani. Kenya Pipeline, Kenya Prisons na KCB ziliajiri wachezaji. Msichana alikuwa na kazi, ana mshahara, anafanya mazoezi, na akistaafu anabaki na kazi. Kwetu JKT Queens wanasimama kwenye msingi wa aina hiyo, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, na JKT Mbweni wamefanya vivyo hivyo kwenye mpira wa pete. Sioni kwamba ni bahati tu timu hizi kuwa juu kila mwaka.

Arusha ina taasisi za kutosha kufuata njia hiyo. Makao makuu ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, yako hapa. Jumuiya ya Afrika Mashariki iko hapa. Kituo cha mikutano cha AICC kiko hapa, pamoja na kampuni za utalii zisizo na idadi ambazo kila moja hupenda kuonyesha picha ya mlima na watu wenye furaha. Ukishuka Usa River na Tengeru kuna mashamba ya maua na mboga ambayo sehemu kubwa ya wafanyakazi wake ni wanawake vijana, wenye nguvu, wanaofanya kazi pamoja kila siku na kujuana kwa majina. Timu zipo tayari pale, hazijavalishwa jezi tu. Shamba moja likiwa na timu ya wanawake, jirani yake hatapenda kushindwa, na baada ya misimu michache utakuwa na ligi ya Arumeru ambayo haikuhitaji kusubiri mtu kutoka Dar es Salaam. Kinachohitajika ni mwajiri kukubali kwamba saa 2 za mazoezi kwa wiki ni za kazini, na mchezaji akiumia goti uwanjani atatibiwa kama aliyeumia shambani.

Mkataba nao uwe mkataba. Tangu 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa kike likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 yenye malipo, na zinaikataza klabu kumwacha kwa sababu ya ujauzito. Msichana anayesaini na timu ya mkoani aujue mstari huo kabla hajashika kalamu. Viongozi wengi wa timu hizi ni watu wa kujitolea, wanaolipa nauli za wachezaji kutoka mifukoni mwao, na siwalaumu kwa kutojua kanuni za Zurich. Vyama vya mkoa na vya taifa ndivyo vyenye wajibu wa kuwafikishia, kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja.

Mjini kwenyewe mambo yanakaribia kubadilika. Kule Olmoti unajengwa uwanja mpya wa watu wapatao 30,000 kwa ajili ya AFCON ya wanaume ya mwaka 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zitaiandaa pamoja. Mechi kubwa zitahamia huko. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, unaomilikiwa na CCM na ambao kwa miaka mingi umebeba kila kitu kuanzia ligi na mikutano ya hadhara hadi mbio na matamasha ya muziki, utapumua. Jumamosi zake za saa 10 zitakuwa na nafasi kwa mara ya kwanza tangu wengi wetu tuzaliwe, na watakaowahi kuziomba ndio watakaozipata. Chama cha soka cha mkoa kikae sasa na vyama vya mpira wa pete na riadha, na wamiliki wa uwanja, wakubaliane Jumamosi 2 za kila mwezi kuanzia msimu wa 2027/28 ziwe za ligi ya wanawake ya mkoa, saa 10 kamili, kwa kiingilio kidogo kitakachokwenda kwenye nauli za timu za Longido, Monduli, Karatu na Arumeru. Makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa saini kabla uwanja wa Olmoti haujafunguliwa, maana ukishafunguliwa kila mtu atakuwa amegundua kwamba ule wa zamani una nafasi.